Pilau ya Kuni na Gesi Iliyokosa pa Kwenda

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu kule Sigino bado inasimuliwa, na wanaoisimulia wanatia chumvi, eti nilimmwagia maji mchungaji. Si kweli. Maji niliyamwaga kwenye moto wa pilau. Mchungaji alipata majivu tu.

Kazi yangu ni kujenga mitambo ya gesi inayotokana na kinyesi cha ng'ombe. Sikusomea chuoni, nimejifundisha kwa vitabu, na hesabu zangu huzirudia kabla ya kuchimba shimo. Bwana Salum, mwenye machinjio, aliponipa kazi, lilibaki jambo moja la kuamua: tuweke mwenge au tusiweke. (Mwenge ni bomba refu lenye moto juu, linachoma gesi isiyokuwa na mtumiaji ili isizagae.) Nikapiga hesabu: machinjio yanachemsha maji kutwa, kantini inapika chai na ugali, gesi yote inaliwa. Nikamwambia hauhitajiki.

"Afadhali," akacheka. "Mwenge wa Uhuru si unapita kila mwaka? Wangu mwenyewe wa nini tena?"

Basi nikaweka kibomba cha usalama tu, gesi ikizidi itokee ukutani nyuma ya kantini.

Siku ya uzinduzi Bwana Salum alisimamisha uchinjaji ili wageni wasikanyage damu. Sikuwa na wasiwasi wa gesi kuzidi, maana kwa umati ule majiko ya kantini yangewaka tangu alfajiri, tena nilikuwa nimeagiza gesi ya jana yake isiguswe, isije ikatuishia mbele za watu. Nilimwalika pia Mama Upendo, mwenye kiwanda cha maziwa na zizi lake pale Bagara, ambaye alikuwa ameniambia wazi kwamba akiridhika na atakachokiona, mtambo wake nitaujenga mimi. Kazi ile niliitaka kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nilipofika nikamkuta Mama Hawa, mpishi mkuu, amepanga mafiga uani, kuni zinawaka, masufuria mawili makubwa juu.

"Mama Hawa, mbona majiko ya gesi hayajawashwa?"

"Baba Neema, pilau ya shughuli umeiona wapi inapikwa kwa gesi? Watu wasione moshi, watajuaje wamealikwa?"

Nikaona ni sawa (hapo ndipo akili yangu ilipolala), nikaenda kukaa karibu na Mama Upendo.

Mchungaji akiwa katikati ya maombi, ikaja harufu ya yai viza. Mzee mmoja akasogeza kiti chake pole pole kutoka kwa jirani yake, na jirani akanong'ona kwa sauti iliyotufikia wote, "Usinitazame mimi, bwana, mimi tangu jana sijala!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua harufu inatoka wapi, na nilikumbuka mafiga ya Mama Hawa yako hatua chache tu kutoka kwenye kile kibomba.

Nikakimbia nikipiga kelele, "Zimeni moto! Zimeni!" Hakuna aliyesogea, kwa hiyo nikakamata ndoo ya maji nikamwaga chini ya sufuria la kwanza, kisha la pili, majivu yakapanda kama vumbi la Februari, yakatua juu ya pilau, juu ya mashati, juu ya mchungaji.

"Baba Neema, umerogwa?"

"Gesi inatoka, Mama Hawa!"

"Si ulisema inaliwa yote?"

Upepo ulipoisafisha hewa tukawasha majiko yote ya kantini kuipunguza gesi, na kwa kuwa hakukuwa na cha kupika tukachemsha maji matupu, wageni wakituchungulia dirishani na soda zao mkononi kabla ya kurudi makwao na njaa.

Mama Upendo nilimkuta getini akikung'uta kitenge, anasubiri bodaboda.

"Kaka," aliniambia bila hasira, "kwangu Jumapili hatuwashi kitu, tunaenda ibadani. Ng'ombe nao hawajui Jumapili. Ile gesi ungeipeleka wapi?"

Bodaboda ikaja, akapanda.

Kwa Bwana Salum mwenge sasa upo. Na mtu akiniita leo, simuulizi kwanza ana ng'ombe wangapi. Namuuliza siku gani hapiki. Nikialikwa kwenye shughuli nakaa mbali kabisa na masufuria. Kiti hicho amenipangia Mama Hawa mwenyewe.