Blanketi la Biskuti

Ushawahi kuona mtu akitapika ndani ya barakoa?

Mimi nimeona, tena kwa macho yangu haya, hapa ughaibuni, Campbelltown.

Mwisho wa 2021, lockdown imeisha. Mimi naendesha lori la makontena bandarini Port Botany, mke wangu Suad karudi kazini. Akabaki Biskuti, mbwa wa binti yetu Fawzia.

Mbwa na mimi, Mtanga wa kuswali, wapi na wapi! Lakini tulipofungiwa ndani Fawzia aligoma kula, akagoma kuongea. Biskuti ndiye aliyemrudisha. Nikakubali kwa sharti: alale kwenye banda la gari, na kitu chake kisiguse mashine yangu ya kufulia.

Akiachwa peke yake anabweka kutwa. Mwenye nyumba akatupa wiki mbili: mtafutieni pa kushinda, la sivyo aondoke.

Kituo cha kwanza cha kulelea mbwa hawakuruhusu mtu kuingia, sababu ya korona. Suad anamkabidhi getini asubuhi na blanketi lake, jioni nampokea mimi. Nyumbani simsogelei, lakini ndani ya gari, lahaula! Ananuka jaa tupu.

Nikawafokea, nikamhamisha.

Cha pili, uvundo uleule. Eti wanapiga deki mara tatu kwa siku. Waongo wakubwa! Nikatema mate palepale getini, na korona yote ile.

Siku ya mwisho ya zile wiki mbili nikaenda na Fawzia kituo cha tatu, kwa mama mmoja Mkongo, Chibalonza. Akatuingiza ndani. Sakafu inang'aa, mabakuli yanatoka kwenye maji ya moto. Nikasema hapa ndipo.

"Leta blanketi yake, Papa, asijisikie mugeni."

Nikampa mfuko kwa vidole viwili. Akaufungua, akainama.

Hapo ndipo alipotapika.

"Papa," akasema akijifuta, "hii blanketi mulifula lini?"

Nikamgeukia Fawzia. Machozi yanamlenga.

"You said never in the machine, Dad."

Miezi mitano! Mtoto alikuwa akilipulizia uturi wa mamake tu.

Nilijichukia. Najisi niliyoitemea mate kwa watu, nimeifuga mwenyewe.

"Mbwa nitabeba," akasema Chibalonza. "Blanketi utafula weye, na mikono yako."

Nililifua mara saba, moja kwa udongo. Fawzia kasimama ananihesabia, kwa Kiswahili.

Kituo cha kwanza nimewaomba radhi. Cha pili bado naona haya kupita.

Ndugu yangu unayechagua kituo cha mbwa, kagua sakafu, kagua mabakuli. Lakini kabla hujatoka kwako, inama kwanza unuse anapolala.