Karatasi ya Kutembea

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Itaba, nilipewa koti jeupe lililonipwaya mabegani na nikaambiwa nipime uzito wa watoto. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka Tanzania, nilikokulia katika kambi ya wakimbizi na kusomea uuguzi, na akina mama waliopanga foleni walikicheka Kirundi changu bila kujificha. Mkuu wa kituo, ambaye huku kwetu tunamwita titulaire, alikuwa mtu mkali mwenye mwandiko mzuri sana. Jioni aliniita akaniambia, "Goreti, hapa tunatibu malaria, kuhara na kifua. Hayo mengine anayajua Mungu."

Ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka mingi. Mtu mzima aliyekuja na presha tulimpa vidonge vikiwepo. Visipokuwepo tulimwambia apunguze chumvi, tukamwita anayefuata.

Nilikwisha kuhamishiwa Bugendana agizo la mazoezi lilipotufikia. Daktari mkuu wa wilaya ya afya alituita Gitega mjini, tukakaa siku mbili kwenye viti vya plastiki tukifundishwa kwamba watu wazima wanakufa kwa kukaa. Tangu siku hiyo kila muuguzi alitakiwa amuulize kila mtu mzima, hata aliyekuja kwa jino, anautumiaje mwili wake kwa siku. Kisha amwandikie karatasi ya kutembea kama anavyoandika dawa: dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki. Mgonjwa angeirudisha kila mwezi, nasi tungeweka alama.

Nililipenda wazo lile, na sijaacha kulipenda. Ilikuwa dawa isiyosubiri gari la kuileta.

Lakini Bugendana ni vilima, na watu wake ni wakulima. Mgonjwa wangu wa kwanza wa karatasi alikuwa mama aliyeacha mzigo wa mihogo mlangoni. Nilipomwambia atembee nusu saa kila siku, alinitazama kwanza kama aliyesikia vibaya. "Muganga," akasema, "mi nimetoka nyumbani jua halijatoka. Labda we uchukue huu mzigo, mi nikae ku kiti chako." Foleni nzima ilicheka, na mimi nikacheka. Lakini karatasi nilimwandikia, kwa sababu mwisho wa mwezi wilaya ilizihesabu.

Halafu nikapelekwa Muyinga mjini, na huko niliona kwamba agizo lilikuwa na watu wake. Kituo chetu kilikuwa karibu na soko, katikati ya familia za Kiislamu za biashara na ufundi: washonaji, wauza vitambaa, watengeneza saa. Watu hao walikaa toka asubuhi hadi magharibi, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umeingia nyumba baada ya nyumba. Titulaire wa pale alikuwa kijana kuliko mimi, mpole, mwenye kupenda takwimu. "Dada Goreti," aliniambia, "hapa ndipo tutawaonyesha wilaya."

Mzee Saidi alikuwa fundi cherehani. Alikuja na mkewe, Mama Zuhura, kwa sababu alikuwa akinywa maji mengi na kukonda. Nilimchoma kidole, nikapima sukari, ikawa juu. Nilimpa vidonge, nikamwandikia karatasi: nusu saa, siku tano kwa wiki. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Nitembee niende wapi?" aliuliza.

"Popote, Mzee. Mwili haujali."

"Basi nitafanya tour mpaka ku barabara ya Mwakiro, nirudi."

Wengi walizipoteza karatasi zao. Yeye aliibandika ukutani juu ya cherehani, na kila asubuhi baada ya swala alivaa kandambili zake za tairi akatembea. Wenzake walimcheka, wakamuuliza anamkimbia nani. Hakujali. Kila mwezi alikuja kwangu amevaa viatu vyake vya ngozi vilivyopakwa rangi, kwa heshima, kama anakwenda msikitini Ijumaa. Sukari ilishuka. Titulaire aliandika habari zake kwenye ripoti, na daktari mkuu wa wilaya alikuja mwenyewe kumpa mkono. Sijawahi kufurahi kazini kama mwaka ule.

Mwezi mmoja, wakati natia alama, Mzee Saidi aliniambia, "Muganga, miguu yangu iko kama inalala. Nakanyaga chini, lakini vraiment sisikii chini."

Foleni ilikuwa imefika nje. Sikuinua macho. Nilimwambia, "Ni damu, Mzee. Bado haijazoea. Ongeza dakika kumi."

Sukari ikikaa mwilini muda mrefu huua mishipa ya hisia, na mguu hufa ganzi. Mguu wa ganzi hauumi hata ukichomwa na msumari. Mtu wa namna hiyo haambiwi aongeze mwendo. Anavuliwa viatu, anatazamwa kila kidole, anapewa viatu vya kufunika, anafundishwa kujikagua kila siku. Haya niliyajua. Nilifundishwa chuoni na niliyajibu kwenye mtihani. Siku ile nilimwandikia dakika arobaini.

Mwezi uliofuata hakuja. Mama Zuhura alikuja peke yake akasema mzee ana homa na chumba kinanuka. Nilikwenda naye. Mkanda wa kandambili ulikuwa umekula nyama ya mguu wa kulia hadi ndani, naye alikuwa akitembea juu ya kidonda kile siku zote hizo, kwa sababu hakikumuuma. Hospitali waliukata chini ya goti.

Nilipokwenda kumwona wodini, alijaribu kuinuka kunisalimia. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Unisamehe, Muganga," alisema. "Ile wiki ya mvua mi sikutembea. Siku nne nzima nilikaa nyumbani. Ju ya hiyo damu ikalala, muguu ukaoza. Kosa ni langu."

Mama Zuhura alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ananitazama, anasubiri niseme kitu.

Nikasema, "Pole, Mzee. Pumzika."

Kituoni nilimweleza titulaire yote, na ile habari ya ganzi. Alifunga mlango. "Dada Goreti, ku karatasi hakuna mahali pa kuandika miguu. Donc hatukuvunja agizo. Ukianza kusema, watafunga programu, na wale wengine wanaotembea vizuri watafanyaje?" Nilijiambia kwamba anasema kweli. Nilijiambia pia kwamba mzee amekwisha kukatwa, na maneno hayaoteshi mguu. Baada ya mwaka mmoja programu ilikufa yenyewe. Karatasi ziliisha, hazikuletwa nyingine, na hakuna aliyeuliza.

Nilimaliza kazi miaka sita baada ya mguu ule kukatwa, nikarudi kulima kipande chetu cha shamba Mwakiro. Siku ya kuagana wauguzi wapya waliniomba neno, nikawaambia wapende wagonjwa. Walipiga makofi. Usoni nilikuwa natabasamu, na ndani nilikuwa natafuta mahali pa kuuweka uso huo.

Mwezi ule ule nilikwenda kwa Mzee Saidi. Nilimkuta kwenye cherehani, anakanyaga kwa mguu mmoja, gongo limeegemea ukuta. Alifurahi kuniona. Alimwita mkewe alete chai, akaniambia, "Mi nawaambia wateja wote: tembeeni kila siku, musifanye kama mi niliyeacha."

Nilimwambia hapo hapo, kabla chai haijaja. Nilimwambia kwamba siku nne za mvua hazikufanya kitu. Kwamba alinipa habari ya ganzi nami sikumtazama, na kwamba mimi ndiye niliyemwongezea mwendo.

Cherehani ilisimama. Aliacha mkono juu ya kitambaa.

"We ulijua tangu lini?"

"Tangu hospitali, Mzee. Siku ile ulipoomba msamaha."

"Miaka sita," alisema Mama Zuhura mlangoni. Alikuwa amesikia. "Miaka sita anaamka anajilaumu."

Mzee Saidi alisukuma kitambaa pembeni. Kisha alivua soksi ya mguu wa kushoto, polepole, akaunyoosha kuelekea kwangu. "Basi angalia huu."

Nilipiga magoti sakafuni. Chini ya kidole gumba, pale panapokanyagia cherehani, palikuwa na shimo jeusi la kuingia ncha ya kidole changu. Pembeni palikuwa na uzi mwekundu wa kushonea, umeganda ndani ya nyama.

"Inauma?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Nini inauma?" alisema.

Hakuna aliyekuwa amemfundisha kujitazama, na kwa miaka yote hiyo aliamini ugonjwa wake ulikuwa uvivu. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Walijaribu wiki tatu, wakisafisha na kufunga. Wiki ya nne waliukata.

Cherehani imeuzwa. Anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, na Mama Zuhura anauza vitumbua. Kila Alhamisi natoka Mwakiro kwa miguu kwenda kumbadilishia bandeji, maana kidonda cha kigutu hakijafunga vizuri. Nikibisha hodi, Mama Zuhura anafungua na kurudi jikoni. Mzee Saidi hujibu salamu yangu, kwa sababu dini yake inamtaka ajibu. Kisha hugeuzia uso dirishani mpaka nimalize, na hadi leo hajaniambia nisirudi.