Mshono wa Onora katika Duka la Gethin

Mke wangu Onora alishona vitabu miaka thelathini na moja katika duka la Bwana Gethin, hapa Dublin, na nyumbani hakuacha hata kimoja. Nililitambua hilo wiki ya pili baada ya kumzika.

Nguo zake dada zake walikuja wakagawana, kama ilivyo kwetu. Nikasema sawa. Halafu nikaanza kutafuta kitu alichokishona kwa mkono wake. Sikupata. Shuka, nilizishona mimi. Mapazia, mimi. Mimi ni fundi viatu. Yeye akitoka kazini macho yamechoka, soksi iliyotoboka ananitupia: "Felim, sindano yako bado haijachoka kama yangu." Kila mshono wa nyumba ile ni wangu.

Basi nikaenda dukani.

Onora hakujua kusoma. Mimi pia sijui. Karatasi zilikuja kubwa kutoka kwa mchapaji, zina alama chini. Yeye alizijua alama na mfuatano wake, basi. Anakunja kwa kipande cha mfupa, anapanga, anavika jalada la karatasi ya buluu, anatoboa matundu matatu, anapitisha uzi. Gethin alichapisha kila kitu. Kitabu kikishuka melini kutoka London, anakichana mafungu, fungu hili kwa mchapaji huyu, lile kwa yule, wakichape upya upesi, na kabla mwenyewe wa London hajajua, kwetu kimeshauzwa. Kalenda za mwaka. Michezo ya kuigiza. Dawa za farasi. Sala zetu sisi Wakatoliki, na mahubiri ya kututukana, meza moja. Kuna siku alishona maneno ya mwisho ya mwizi wa kunyongwa, yamechapwa siku mbili kabla ya kunyongwa. Mwizi akasamehewa, akaja mwenyewe kununua. Onora alinisimulia huku anafuta machozi ya kicheko: "Eti anauliza alisema nini!"

Dukani nilimkuta Bwana Gethin.

"Mzee Felim. Pole sana. Unataka kitabu?"

"Ndiyo."

"Kipi?"

"Alichoshona Onora."

Akanitazama. "Kinaitwaje?"

"Sijui, bwana. Niache nitazame migongo ya vitabu."

Miaka arobaini nimeshika msharasi wa kutobolea ngozi. Nipe kiatu chochote cha mtaa ule, nitakwambia nani alikishona. Wa Onora nilidhani nitauona tokea mlangoni. Alivuta uzi kwa mkono wa kushoto, na fundo aliliweka tundu la katikati, dogo.

Nikachukua kimoja. Chake. Cha pili. Chake. Cha tatu, chake. Rafu nzima ilikuwa yake. Haiwezekani. Alikuwa kitandani tangu Kwaresima, na karatasi zile bado zinanuka wino.

"Unavinusa, mzee?" Alikuwa Winny Tallon, aliyekuwa akikaa benchi moja na Onora.

"Hiki alishona nani?"

"Mimi."

"Na hiki?"

"Mimi. Weka chini, unakikunja."

"Lakini fundo hili la Onora."

"La Onora, ndiyo. Nani alinifundisha? Ulidhani nilizaliwa na sindano mkononi?"

"Basi nionyeshe chake."

Akapindua viwili vitatu, akaviacha. "Nikudanganye, mzee? Kingine anaanza yeye, kikohozi kinamkamata, namalizia mimi. Kingine naanza mimi. Hatukuwa tunatia majina."

Nikakaa kwenye stuli. Nilikuwa sielewi. Kama mkono wake uko kwa Winny, basi mimi nilizika nini? Nilitaka kumuuliza, nikaona atanicheka.

Bwana Gethin akasema, "Chagua kimoja, Felim. Nakupa."

Nikachagua kimoja ambacho fundo lake limeinama kidogo. Akasoma jalada, akajikuna shingo.

"Haya ni mahubiri ya kasisi mmoja wetu sisi Waprotestanti, anamsema Papa wenu. Maneno makali. Una hakika?"

"Kasisi ndiye aliyeshona?"

"La."

"Basi nipe."

"Hicho changu," Winny akasema nyuma yangu. "Nakumbuka kabisa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, ndiyo maana fundo limeinama. Chukua kingine, mzee."

Kingine kipi? Nikaondoka nacho hicho hicho.

Siku mbili sikushika kazi. Nikawa nakigeuza. Nikifumba macho, napitisha kidole kwenye uzi, ni Onora. Nikifumbua, ni Winny. Mteja alikuja kuchukua viatu vyake, nikampa vya mtu mwingine, akarudi ananigombeza.

Alhamisi nikarudi dukani.

"Winny, hebu tazama tena."

"Mzee, si nilishakwambia?"

"Tazama tu."

Akakipeleka dirishani. Akakifungua katikati, akapitisha kidole gumba kwenye fundo. Mtu alimwita kutoka mezani, hakuitika.

"Chake," akasema.

"Juzi ulisema chako."

"Juzi nilikuwa na haraka."

"Na baridi je? Na vidole?"

"Yeye vidole hakuwa navyo?" Akakifunga kwa karatasi ya buluu, akanisukumia kifuani. "Nenda nyumbani, baba. Nina kazi."

Sijui ni siku gani aliniambia kweli. Sijarudi kumuuliza.