Ikinguruma, Tunachomoa

Toleo jipya la programu ya kufuatilia mtandao lilipokuja, bosi wangu wa makao makuu alilisifia kama mtu aliyeoa juzi. Sasa lina akili, akasema. Linajifunza tabia ya kila kituo, linatabiri hitilafu kabla haijatokea, linakipa kila kituo alama, na kisichofaa linapendekeza kiondolewe. Mimi nilikuwa fundi peke yangu pale Mbinga, vituo vyote vyangu, yaani zahanati zinazomwita daktari wa hospitali kwa mtandao, kuanzia milimani mpaka ziwani. Nikajisemea, haya, tuzione hizo akili.

Wiki ya pili tu likapendekeza kuondoa zahanati moja ya upande wa Chiwanda. Kwenye ramani, nukta yake ilikuwa ikigeuka nyekundu karibu kila alasiri ya mvua, inakaa saa moja au mbili, kisha inarudi kijani. "Kituo kisichoaminika," programu iliandika. Bosi akanitumia fomu nisaini, vifaa ving'olewe vipelekwe kwingine.

Sababu niliijua bila kuambiwa na kompyuta. Huku kwetu ikinguruma tu, kila kitu kinachomolewa: redio, pasi, friji. Hata kioo kinafunikwa kanga. Nesi mkuu wa zahanati ile, mama wa makamo, akisikia ngurumo ziwani alichomoa mtandao, zikiisha akaurudisha.

Mwanzoni, kabla ya toleo hili, niligombana naye. Nilikuwa nimebandika karatasi kwenye kila kituo: MARUFUKU KUCHOMOA. Siku nilipoikuta ya kwake imebanduliwa, nilimpa shikamoo huku nimenuna, nikamuuliza kwa nini.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Radi ya hapa haijui kusoma."

Nikaondoka nimevimba. Zahanati nyingine, upande wa Tingi, wao walikuwa watiifu. Walinisikiliza mimi mwenye kitambulisho shingoni. Mvua za mwaka ule radi ikapita kwenye nguzo yao, ikaunguza kila kitu mpaka ukuta ukawa mweusi. Miezi mitatu nesi wao alikuwa anapanda kilimani na simu mkononi kumtafuta daktari, mgonjwa kamwacha kitandani. Kosa lilikuwa langu. Nalisema hapa wazi, maana ripoti iliandika majanga ya asili. Na nukta ya kituo kile ilikuwa kijani kabisa mpaka dakika ile ya mwisho.

Basi bosi alipopiga simu kuulizia fomu, nikamwambia sisaini. Akacheka.

"Dada, mfumo umeshaamua."

"Mfumo haujawahi kukaa Chiwanda ikinguruma."

"Jaza sababu basi. Toleo jipya lina sehemu ya sababu."

Nilishaiona. Umeme kukatika, kifaa kuharibika, waya kukatwa, matengenezo. Mtu kutumia akili yake haikuwemo.

Akashusha sauti, akauliza alama za kanda nzima zikiharibika atajibu nani. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia nitajibu mimi, tena kwa maandishi, na kama anavitaka vile vifaa aje avifungue kwa mkono wake, amweleze yule mama uso kwa uso. Mzazi akianza kutokwa damu pale, daktari wa hospitali anaitwa kwa njia hiyohiyo, na mimi siikati ng'o! Nikaandika barua siku hiyohiyo. Vifaa viko palepale hadi leo, na onyo nililopewa liko kwenye faili.

Wiki iliyofuata, mchana, mawingu yakapanda kutoka ziwani, meusi tii. Nikapiga simu kituo kimoja kimoja: chomoeni. Chiwanda walishachomoa. Tingi ikafuata, kisha Kingerikiti, nukta baada ya nukta, mpaka ramani nzima ikawa nyekundu. Simu ya bosi ikaanza kuita. Ngurumo ya kwanza ikatikisa bati la ofisi, nami nikainama chini ya meza nikachomoa mtandao wa kwangu.