Nilimkana mwanangu getini, kumbe mama mwenye nyumba alijua

Admin, salaam. Naomba unifichie jina, maana Sumbawanga ni mji mdogo na maneno yake yana miguu.

Nina miaka hamsini na nane. Ni mfanyakazi wa ndani, na niko kwenye nyumba hii hii tangu nina ishirini. Niliingia nikiitwa Dada na hadi leo naitwa Dada. Watoto niliowabeba mgongoni wananiita Dada, na watoto wao nao wananiita Dada, na mvi zangu zote hizi.

Nilizaa nikiwa kwetu, upande wa Mwimbi. Aliyenipa mimba alivukia Kasesya kwenda Zambia na sijamsikia tena. Mtoto alipofika miezi minane, mama yangu akasikia kuna familia ya wafanyabiashara mjini inatafuta msichana wa kazi, ila hawataki mwenye mtoto. Mama akaniambia, "Wewe nenda, sema huna. Huyu niachie mimi." Nikaenda, nikasema sina. Mwanangu, nimwite Leokadia, akakua akimwita bibi yake mama, na mimi akiniita dada. Nilikuwa naenda mara moja kwa mwaka, wakati wa kuvuna ulezi, nampelekea nguo zilizombana Rukia. Rukia ndiye mtoto wa kwanza wa mabosi wangu.

Bibi yake alipokaribia kufa ndipo alipomwambia ukweli. Leokadia alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakumuuliza mtu, alipanda gari akaja mjini, akagonga geti nikafungua mimi. Mama Rukia, mama mwenye nyumba, alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Leokadia akapiga magoti, akanipigia makofi ya salamu kama tunavyosalimia wakubwa kwetu, akabaki ananitazama. Mama Rukia akauliza, "Dada, mgeni wako nani?"

Nikasema, "Mtoto wa dada yangu."

Leokadia hakunibishia. Alimpigia makofi Mama Rukia pia, akala wali, akashukuru, akapiga makofi ya kuaga, akaondoka. Sikumsindikiza hata stendi kwa sababu nilikuwa na nguo za kupiga pasi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, zile nguo. Alipofunga ndoa nilikaa benchi la nyuma kanisani pamoja na wageni, na sikuwa na mdomo wa kulalamika.

Sasa Mama Rukia amezeeka na kumbukumbu zimemtoka. Mumewe alishafariki. Amewasahau hata wanawe, Rukia akiingia anamuuliza anataka kitenge gani, anadhani bado yuko dukani. Na hali chakula mpaka nimlishe mimi. Mwezi uliopita nilikuwa namlisha uji wa ulezi, Rukia amekaa pembeni, mara mama akanigusa kifuani akasema kwa sauti ya chini, "Dada, maziwa yanavuja tena. Kajikamue huko nyuma, Baba Rukia asione. Mtoto umemwachia nani?"

Wiki zangu za kwanza humu nilikuwa najifunga kanga mbili kifuani, najikamua chooni, najiona mjanja. Kumbe alijua. Alijua akanyamaza, kwa sababu alikuwa na watoto wake na aliwatakia mikono yangu. Na siku ile ya getini, alipouliza mgeni wako nani, jibu alikuwa nalo. Nilikuwa na hasira naye siku tatu, lakini ningegombana na nani? Yule aliyenijua ameshaondoka, nimeachiwa kikongwe anayetaka uji.

Rukia alicheka tu. "Mama anachanganya mambo, Dada hajawahi kuzaa." Kisha akanishika bega, "Sisi ndio watoto wako, si ndiyo Dada?"

Nikaitikia ndiyo. Nikawa nimemkana mwanangu mara ya pili.

Mwisho wa mwezi huu Rukia anamhamishia mama yake Dodoma na anataka niende nao. Anasema mama hawezi kula bila mimi, na mimi mwenyewe sina pa kwenda. Anasema kwa upendo, simlaumu, hajui. Wiki hiyo hiyo Leokadia akapiga simu. Amemaliza nyumba yake, kuna chumba kinachopata jua la asubuhi, maana anajua magoti yangu na baridi ya Ufipa. Akaniambia, "Njoo ukae kwangu. Ila Rukia akulete mwenyewe, na umwambie mbele yangu mimi ni nani kwako. Ukienda Dodoma, sitakutafuta tena."

Nikisema, Rukia atajua nimeishi kwao kwa uongo maisha yangu yote. Nikinyamaza, nampoteza mwanangu, na safari hii hatapiga makofi ya kuaga.

Jumapili nilijaribu kuona kama Mama Rukia ataweza kula bila mimi. Nilimpa Rukia bakuli nikajificha jikoni. Mama Rukia alifumba mdomo mpaka uji ukapoa, na Rukia akaanza kulia. Nikashindwa, nikatoka, nikaupasha moto nikamlisha mwenyewe hadi akamaliza. Akanifuta mkono wangu kwa kanga yake, akaniambia, "Haya, nenda sasa. Mtoto wako analia."

Ndugu zangu, mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na nane, ana watoto wake, na hajawahi kuniita mama hata siku moja. Hata kwenye simu ananiita wewe. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini tu, nifungue mdomo au nifungashe nguo za Dodoma?