Tulivyopima Bangi Pamoja na Udongo Wake

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa bunduki wala pingu. Nilikabidhiwa mizani. Ilikuwa ya kuning'iniza, ya chuma, kama zile za kupimia marobota ya tumbaku. Mkuu wa Kikosi alinipeleka ua wa nyuma wa ofisi yetu ya Tabora, akaigonga kwa ukucha.

"Makao Makuu hawatuoni, kijana," alisema. "Wanatusikia kwa kilo."

Nilidhani ni mzaha. Nimestaafu, na sijapata kusikia maneno ya kweli zaidi kuhusu kazi ile.

Kikosi chetu cha kupambana na dawa za kulevya kilianza na watu sita na Landrova moja iliyohitaji kusukumwa. Baadaye kilipanuliwa, kikabadilishiwa jina, kikabadilishiwa tena. Kila jina jipya lilikuja na semina, fulana, na sherehe ya kuchoma bangi mbele ya wapiga picha. Kipimo kilibaki kilekile. Na barabara ya Kigoma, ambako zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipita na pembe za ndovu mabegani, ilikuwa ikipitisha malori mbele ya macho yetu. Tuliambiwa mle ndani unapita unga, ile heroini inayomaliza watoto wa mijini. Lakini ukisimamisha lori, mwenye lori anapiga simu, na simu ile inakufikia wewe kupitia kwa mkubwa wako kabla hujafungua turubai. Bangi ya mkulima haipigi simu. Imesimama shambani, inakusubiri.

Nilipohamishiwa Igunga ndipo nilipofundishwa utaratibu wenyewe. Mkuu wa Kituo alinikuta nikigonga mashina chini baada ya kuyang'oa, udongo ukimwagika.

"Wewe! Unakung'uta nini? Unapanda maua?"

"Natoa udongo, afande."

"Ng'oa, funga, pima. Sheria inasema mmea. Mmea hauna mizizi?"

"Na udongo, afande?"

"Umeukuta umeshika wapi? Kwenye mzizi. Basi ni wa mzizi." Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Wasomaji vijana wajue maana ya kicheko kile. Kielelezo, yaani kile kitu tunachokipeleka mahakamani, kikivuka uzito uliowekwa, kosa hupanda daraja na dhamana hufungwa. Mtu hasubiri kesi akiwa kwake. Anasubiri mahabusu.

Nilirudishwa Tabora nikiwa na cheo, na masika moja tukaenda kijiji kimoja upande wa Kigwa. Mwenye shamba alikuwa Bibi Kalekwa, mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Alikuwa amempa mgeni mmoja kipande cha bondeni alime mboga. Mgeni alipanda bangi katikati ya mahindi, na alipousikia muungurumo wa gari letu alitoweka. Bibi hakutoweka. Alikuja na jembe begani, akatuuliza kama tumekula.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Mashina yalitoka na madonge ya tope makubwa kama vichwa vya watu. Tulifunga, tukapima, nikajaza hati ya ukamataji kwa mkono wangu, kwa jina la Bibi, kwa kuwa shamba lilikuwa lake. Uzito ulivuka kiwango. Bila tope usingefika hata nusu yake. Nililijua hilo kalamu ikiwa bado kwenye karatasi.

Bibi Kalekwa alikaa mahabusu hadi msimu wa kupanda ukapita, na mwingine pia. Siku ya ushahidi wangu hakuwa na wakili. Hakimu akamuuliza kama ana swali kwa shahidi. Alisimama, akajifunga vizuri khanga yake.

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa karanga. Ukiing'oa karanga, unaikung'uta ndipo unaitia kapuni. Muulize huyu baba: wao walikung'uta?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alinigeukia. "Shahidi, jibu."

Mwendesha mashtaka alikuwa akinitazama kwa utulivu, kama mtu anayetazama saa yake mwenyewe. Nikasema: "Mheshimiwa, tulifuata utaratibu."

Sikusema uongo. Ndiyo hasira yangu mpaka leo. Kazi ile ilikuwa imetengenezwa ili mtu aweze kumfunga bibi kizee bila kusema uongo hata mmoja. Alifungwa. Mimi nilipewa cheti cha pongezi.

Kwenye sherehe ya kuniaga, mkubwa fulani alizitaja kilo nilizoteketeza katika utumishi wangu, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyetaja lori hata moja. Wiki iliyofuata nilipanda basi la Kigwa.

Bibi alikuwa ametoka gerezani. Alikuwa amekaa mlangoni kwa mdogo wake, kwa kuwa shamba lake ukoo ulikwisha kuligawa. Nikainama. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinitazama mpaka nikainuka mwenyewe.

Nikamweleza kila kitu: tope, mizani, Igunga, kicheko.

"Mimi unaniambia nini?" alisema. "Mimi nilikuwepo. Wanaoondoka kisimani nikifika ndio hawakuwepo. Kawaambie wao."

Mwenyekiti wa kijiji alinipa nafasi kwenye mkutano wa Jumamosi. Bibi naye alikuja, akaketi nyuma. Nilisimama, nikataja jina langu na cheo changu cha mwisho, nikasema tulivyofanya. Mzee mmoja wa ukoo wake, ambaye sasa analima kile kipande cha bondeni na alikuja na jembe lake mkononi, aliuliza kwa sauti ya kulalamika: "Sasa baba, hayo uliyosema yametuingia. Kwa hiyo shamba turudishe? Tumekwisha kupanda."

Nikamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akainama kwenye daftari lake. Bibi Kalekwa alikwisha kunyanyuka, akitembea kuelekea bondeni, na jembe alilolishika halikuwa lake. Alikuwa amelichukua mkononi mwa yule mzee.