Mtu wa Ndani ya Gari

Katika kazi yangu ya kusemea sinema nilikuwa na walimu wawili. Wa kwanza nilimshukuru kila siku mpaka akanikataza, akasema namchosha. Wa pili sikuruhusiwa hata kumsalimu, kwa sababu alikuwa baba mkwe wangu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wajukuu wangu wanadhani sinema ilizaliwa ikiongea Kiswahili. Enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, serikali ilikuwa na gari la sinema lililozunguka vijijini kwetu, kutoka Tunduma hadi milima ya Ileje. Gari linafika, kitambaa cheupe kinatundikwa, jenereta linaanza kunguruma, na giza likiingia watu wanaonyeshwa namna ya kupalilia kahawa au kuchimba choo. Picha zenyewe zilisema Kiingereza. Kwa hiyo sauti yao ilizimwa, na mtu wetu akakaa ndani ya gari na kipaza sauti, akawasemea wote kwa Kiswahili, mzungu kwa mkulima. Mume wangu alikuwa dereva. Mimi nilikuwa mke wa dereva, kazi isiyo na mshahara: kupika, kufua, na kuambiwa nisiguse nyaya.

Mtu wa sauti alikuwa mzee wa Kinyiha kutoka Ruanda, kijiji cha huku huku kwetu, si ile nchi, mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana kabisa na kifua chake. Alizoea kunisikia Tunduma nikibishana bei na wauza samaki kutoka ng'ambo ya mpaka, na alikuwa akinicheka kimoyomoyo. Siku moja, huko Chitete, tukaletewa picha ya kuogesha na kunyonyesha mtoto. Mzee akachungulia nje, akarudi amenywea. Mama mkwe wake alikuwa amekaa pale mbele, na mbele ya mama mkwe mwanamume wa kwetu hatamki neno titi hata kama ni la mbuzi.

"Mama, shika hiki," akaniambia, akinisukumia kipaza sauti. "Wewe una mdomo."

"Nitasema nini?"

"Sema unavyosema na wauza samaki. Ila usitukane."

Nikasema. Maneno yenyewe siyakumbuki, nakumbuka tu akina mama wakishikana mabega kwa kicheko, na mama mkwe wa mzee akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja maji ya vuguvugu. Toka hapo picha za watoto na za jikoni zikawa zangu, na mzee akaanza kunifundisha.

Alinifundisha kwa kunisumbua. "Usiwaambie mama amebeba beseni, wana macho. Waambie maji yana joto gani, hilo hawalioni." Karanga alinipiga marufuku kabla ya kazi, kisha akazila yeye. Alinifundisha kusubiri, maana kule milimani neno likitoka kwenye spika linakwenda kugonga mlima wa pili ndipo linarudi, na ukiharakisha jingine yanagongana njiani. Alinikataza kusema nikiwa nimenuna. "Uso wako hawauoni, lakini wanausikia," alisema. Siku nikigombana na mume wangu alinitoa nje nizunguke gari mpaka nipoe. Nilizunguka sana, mume wangu ni shahidi.

Sasa nije ukweni. Mimi ni Mnamwanga wa Tunduma, nimeolewa kwa Wandali wa Mbebe, na kwao niliikuta heshima ya ukwe imekazwa kuliko yetu. Mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Nikisikia anakohoa njiani, naingia majanini na kuinama mpaka apite. Nilimjua kwa kikohozi, kwa fimbo na kwa visigino. Basi gari lilipopangiwa kwenda Mbebe nikasema sisemi kitu. Baba mkwe anisikie nikipaza sauti mbele ya kijiji kizima? Tayari wadogo zake walikuwa wananong'ona kwamba mwanamke anayezurura na gari arudishwe nyumbani akalime. Wakipata sababu, kazi yangu imekwisha, na kazi ile nilikuwa nimeipenda kupita kiasi.

Mume wangu akanitoa hofu. Baba amekwenda kwa dada yake, akasema, atalala huko huko. Nikaingia ndani ya gari, nikafunga pazia la dirisha, nikabakiza upenyo wa kuonea picha, nikaanza. Siku hiyo nilikuwa na raha zangu. Mtoto wa kwenye picha alipomkojolea baba yake, nikatangaza kwamba wazee wa Mbebe wanaogopa mkojo wa mtoto kuliko chui. Watu wakaangua kicheko. Katikati ya kicheko nikasikia kikohozi.

Mume wangu akachomoza kichwa dirishani, macho yamemtoka. "Baba amerudi. Yuko mstari wa mbele."

Nikanyamaza. Kwenye kitambaa mtoto amepakwa sabuni mwili mzima, analia bila sauti, na watu nje wameanza kupiga kelele, "Sauti! Sauti!" Nikamsukumia mzee kipaza sauti. Akakunja mikono.

"Huyo mtoto ana sabuni machoni," akasema. "Mmalizie."

Nikammalizia, lakini kwa sauti ya chini chini, nikimeza nusu ya maneno, hadi picha ikaisha.

Asubuhi mama mkwe akanikuta jikoni. Nikapiga magoti, nikamsalimu. Alikuwa mwanamke asiye na haraka na jambo lolote. Akavuta kigoda, akakaa, akatazama moto.

"Baba yako ametuma neno," akasema.

"Ndiyo, mama." Moyoni nilikuwa nimeshashika jembe.

"Anasema yule mtu wa ndani ya gari alianza vizuri. Halafu akawa anaongea kama ana uji wa moto mdomoni. Anasema mtu akianza kusema, aseme."

"Mtu gani, mama?"

"Wa ndani ya gari." Hakucheka hata kidogo. "Baba yako hamjui. Wewe unamjua?"

"Simjui, mama."

"Basi ukimwona, mwambie."

Alipotoka nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Wadogo zake baba mkwe nao wakakosa pa kushika. Mkwe wao alikuwa jikoni, amefunika kichwa, na kwenye gari kulikuwa na mtu mwingine kabisa, ambaye mkubwa wa ukoo alimsikiliza hadharani na kumkosoa.

Toka siku hiyo, kila tulipopiga sinema Mbebe, baba mkwe alikaa mstari wa mbele, na asubuhi mama mkwe akaja na darasa. Mtu wa ndani ya gari anaharakisha mwishoni kama ameacha chungu motoni. Anacheka mzaha wake mwenyewe kabla wenye kucheka hawajacheka. Kindali anachochomeka kwenye Kiswahili ni cha kuokota, aulize watoto. Nikarekebisha, na safari ya pili akaleta kasoro mpya. Mzee wa Ruanda alipoyasikia alishikwa na wivu wa wazi. "Mimi nakausha koo nikikufundisha, yeye anakohoa tu unamsikiliza!"

Kisha kuna asubuhi moja mama mkwe hakuleta kasoro. Mwezi ule nilikuwa nimeharibikiwa na mimba, na zaidi ya mume wangu hakuna aliyejua. Usiku uliotangulia nilisema kama kawaida, nikafanya mizaha yangu yote. Mama akaweka kibuyu cha asali karibu na moto.

"Anasema jana mtu wa ndani ya gari alikuwa na huzuni," akasema. "Anasema apewe hii."

Nilimpenda mzee yule tangu asubuhi hiyo kama baba aliyenizaa. Na sikuwa na namna ya kumwambia. Nimtume mama mkwe akanishukurie kwa lipi, ilhali mkwe hajawahi kufundishwa chochote na mtu yeyote?

Miaka ikapita, mume wangu akapata kazi ya lori mbali na kwetu, nasi tukawa tunahama. Safari yetu ya mwisho Mbebe nilisema picha hadi mwisho. Mume wangu akanyoosha mkono azime jenereta, nikamzuia. Mzee wa Ruanda akanitazama, akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo wangu.

"Mtu wa ndani ya gari anahama," nikasema. "Hapa Mbebe ana mwalimu ambaye hajawahi kumwona uso. Anamshukuru. Alimsikiliza siku ambayo angeweza kumnyamazisha."

 Nikafunua pazia kidogo. Niliona mgongo wake tu, mbele kabisa, na wadogo zake wamekaa kulia na kushoto. Akainuka taratibu kwa fimbo. Hakugeuka. Akasimama ameelekea kile kitambaa cheupe kisicho na picha.

"Nimesikia, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kufika hadi nyuma, mbele ya ukoo mzima.